Taa ya kijani haisemi kwamba mtoto anasikia

Ndugu Mhariri,

Kila magazeti yetu yanapoandika habari za kupima masikio ya vichanga, maelezo huwa yaleyale: mashine ndogo inawekwa sikioni, taa ya kijani inawaka, mama anaambiwa mtoto wake anasikia. Mashine ipo, na taa huwaka kweli. Hayo ya mwisho ndiyo yasiyo sahihi, nasi tunaofanya kazi hii kila siku tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tueleze kwa nini.

Mashine ile haipimi usikivu. Inachofanya ni kulitegea sikio la mtoto sikio, maana sikio la ndani nalo hutoa sauti. Thomas Gold, akiwa Cambridge mwaka 1948, alisema kuwa koklea, ule mrija uliojisokota kama konokono, haiwezi kuchambua milio kwa ufundi wote ule bila kuwa na nguvu yake ya kukuza sauti. Na chombo chochote kinachokuza sauti na kujirudishia sauti hiyo kinaweza kupiga yowe, kama spika za mkutano wa hadhara zinapokaribiana na maikrofoni. Wakati huo wengi walifuata picha ya Georg von Békésy, aliyetazama mawimbi ndani ya koklea za maiti na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Kazi yake ilikuwa ya kuheshimiwa, ila sikio la maiti halikuzi kitu. Mwaka 1978 David Kemp, huko London, alichapisha ushahidi: ukipiga mlio mfupi kwenye sikio lenye afya, milisekunde chache baadaye mwangwi hurudi, na mwangwi huo hautoki kwenye ngozi wala mfupa. Baadhi ya masikio hata hayangoji kupigiwa, hulia yenyewe mfululizo, ya wanawake mara nyingi kuliko ya wanaume na la kulia kuliko la kushoto. Bundi naye masikio yake hulia hivyo. (Wasomaji wanaomwogopa bundi wasitafute tafsiri hapo, ni fizikia tu.)

Sasa tazama nani anayetoa sauti hiyo. Koklea ya binadamu ina chembe zenye vinyweleo za aina mbili. Za nje ni kama 12,000, zimepangwa safu tatu. Za ndani ni kama 3,500, safu moja. Za nje ndizo zinazocheza: hurefuka na kufupika kwa kufuata sauti, kwa kutumia protini iitwayo prestini iliyotambuliwa mwaka 2000, na kucheza huko ndiko kunakokuza sauti na kuacha mwangwi. Lakini habari zinazokwenda kwenye ubongo hupelekwa karibu zote na zile za ndani kupitia neva ya kusikia. Taa ya kijani, basi, ni taarifa ya chembe za nje. Za ndani zinaweza kuwa zimekufa, au neva ikawa haipelekei ubongo kitu cha maana, na mwangwi ukarudi mzuri tu.

Hili huwapata hasa watoto njiti na wale waliopata manjano makali au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Hao wanahitaji kipimo cha umeme wa shina la ubongo, kile cha kubandika elektrodi kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Mtoto aliyelazwa siku kadhaa kwenye chumba cha watoto wachanga mahututi, kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani kwa kipimo cha mwangwi peke yake, hajapimwa kile kilichokuwa hatarini zaidi.

Upande wa pili nao una kasoro zake. Mwangwi ukikosekana, haimaanishi mtoto ni kiziwi. Sauti hupita kwenye kiwambo cha sikio na vifupa vyake mara mbili, kwenda na kurudi, kwa hiyo maji kidogo tu nyuma ya kiwambo, au ule utando mweupe wa kuzaliwa ulioziba tundu, humaliza kila kitu. Ndiyo maana ni vizuri kusubiri saa 24 tangu kuzaliwa, na 48 ni bora zaidi. Hasara ya usikivu ikizidi desibeli 30 au 40 mwangwi hupotea, na kuanzia hapo kipimo hiki hakitofautishi mtoto wa desibeli 45 na wa desibeli 90. Kwa hiyo anayetoa namba ya kiwango cha uziwi kutokana na kipimo hiki anaitoa kichwani mwake.

Kosa la kawaida wodini ni kuweka vibaya. Kichanga avutwe sikio kuelekea chini na nyuma, siyo juu kama mtu mzima, kisha kizibo cha mpira kiingie kwa kuzungushwa kidogo mpaka kishike chenyewe. Ukilazimika kukishikilia kwa kidole, ujue hakijakaa. Kizibo kikivuja, sauti nene za kichocheo, yaani sauti inayopigwa na mashine, hushuka kwenye kioo cha mashine huku nyembamba zikibaki, na kelele za wodi huingia. Kikibana ukuta wa tundu, spika inaziba. Vitundu vya probu, kile kichwa cha mashine kinachoingia sikioni, navyo vina upana wa uzi, chembe moja ya nta inatosha kuviziba, kwa hiyo visafishwe kati ya mtoto na mtoto, na uzi wa kusafishia upitishwe kutoka nyuma kwenda mbele, usije ukasukuma uchafu ndani ya maikrofoni. Mtoto awe ameshiba na amelala. Kunyonya, kupumua kwa kukoroma, feni, jenereta la nje ya dirisha: kelele zote hizi hukaa zaidi chini ya hezi 1,500 (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde), na ndiyo sababu vifaa vya uchunguzi wa haraka hupima kati ya 2,000 na 5,000. Mtoto mwenye tatizo la sauti nene peke yake anaweza kupita bila mtu kumwona.

Kuna tabia moja ambayo hatuna namna ya kuisema kwa upole, ya kurudia kipimo mpaka taa ikubali. Tuseme kelele peke yake inaweza kuwasha kijani mara moja katika majaribio 100. Ukijaribu mara 10 kwa mtoto yuleyule asiye na mwangwi, uwezekano wa kumpitisha kimakosa unafika karibu 10 katika 100. Mara mbili zilizowekwa vizuri zinatosha. Baada ya hapo ahamishiwe kipimo kingine.

Tuingie ndani ya mashine, maana hapo ndipo tunapoona mafunzo yetu yanapwaya. Kipimo cha mwangwi kina aina mbili: cha milio miwili na cha mlio mfupi. Chukua kwanza kile cha milio miwili. Spika moja inapiga hezi 3,280 kwa desibeli 65, ya pili hezi 4,000 kwa desibeli 55. Uwiano wa masafa hayo, yaani idadi za mitetemo kwa sekunde, ni karibu 1.22, ambao kwa watu wengi huleta jibu kubwa. Kwa kuwa koklea haikuzi sauti ndogo na kubwa kwa kiasi kilekile, milio hiyo miwili inagongana ndani yake na kuzaa wa tatu. Zidisha wa chini kwa mbili, utoe wa juu: 6,560 kutoa 4,000, unabaki na 2,560. Hakuna spika iliyopiga hezi 2,560. Ukiukuta mlio huo ndani ya tundu la sikio, umetoka kwa mwenye sikio.

Au umetoka kwenye kifaa chako, na hapa lazima uwe na mashaka. Milio yote miwili ikipitishwa kwenye spika moja, spika hiyo itazaa 2,560 yake yenyewe, ndiyo maana probu ina spika mbili. Njia rahisi ya kuhakiki ni bomba la sindano. Ondoa sindano na pistoni, ziba upande mwembamba, chomeka probu upande mpana, ubakize hewa ya mililita 2. Endesha kipimo kama kawaida. Mahali pa 2,560 pasiwe na kitu zaidi ya kelele. Pakiwa na mlio, usimpime mtoto yeyote mpaka ujue unatoka wapi. Zoezi hili halifiki dakika tatu na lingefaa kuanza kila asubuhi.

Mlio unaotafutwa ni mdogo mno. Ukiwa wa desibeli 5, shinikizo lake ni sehemu moja ya elfu ya ule wa desibeli 65 unaopigwa wakati huohuo, pembeni yake. Uchambuzi lazima uwe na adabu. Kompyuta ikichukua sampuli 48,000 kwa sekunde, kata rekodi vipande vya sampuli 4,800, yaani moja ya kumi ya sekunde kila kimoja. Uchambuzi wa Fourier, ile hesabu inayotenganisha milio iliyochanganyika, utakupa ngazi za hezi kumikumi, na 3,280, 4,000 na 2,560 zote zinaangukia kwenye ngazi kamili. Mwanafunzi mmoja atasema 4,000 kugawa kwa 1.22 ni 3,279, tuweke hiyo. Akiiweka, na asipolainisha kingo za vipande, mlio ule mkubwa utavuja kwenye ngazi nyingine zote, na pale kwenye 2,560 kutakuwa na uvujaji wa karibu desibeli 8. Mlio wa desibeli 5 umekwisha zama. Hezi moja tu imeharibu kipimo kizima, na kioo hakitamwambia chochote.

Kelele inakadiriwa kutoka kwenye ngazi za jirani, tatu chini na tatu juu, yaani 2,530 hadi 2,550 na 2,570 hadi 2,590. Mlio ukizidi wastani wa hizo kwa desibeli 6 tunauita jibu. Vipande vikijumlishwa, kelele hushuka desibeli 3 kila idadi inapoongezeka maradufu huku mlio ukibaki palepale: vipande 64, ambavyo ni sekunde 6.4 tu, huishusha desibeli 18. Lakini kipande ambacho mtoto amekohoa kitupwe, kisichanganywe kwenye wastani kwa matumaini kwamba vingine vitakifunika.

Kipimo cha mlio mfupi, kile cha Kemp mwenyewe, kina ujanja wake. Mlio una urefu wa kama sehemu 80 za milioni moja ya sekunde. Inapigwa mitatu sawa, kisha wa nne unapigwa kinyume kwa nguvu mara tatu. Jumlisha majibu yote manne: kila kinachofuata kichocheo kwa ulinganifu, kama mtetemo wa tundu la sikio na kiwambo, kinafutika, moja na moja na moja kutoa tatu. Mwangwi wa koklea haufutiki, kwa sababu haukui mara tatu unapopigwa mara tatu. Rekodi huchukuliwa kwa milisekunde 20, zile 2.5 za mwanzo zikaachwa, na majibu hugawanywa kwenye mafungu mawili kwa zamu. Yanayofanana kati ya mafungu ni mwangwi, tofauti zake ni kelele.

Ukiutazama mwangwi huo kwenye karatasi utaona kitu ambacho taa haionyeshi: mawimbi membamba yako mwanzoni, mapana yako mwishoni. Sauti za hezi 4,000 hurudi baada ya kama milisekunde 5, za hezi 1,000 huchukua 10 au zaidi. Kwa hiyo kupiga Fourier moja juu ya dirisha lote la milisekunde 20 ni kuokota kelele bure, kwani kila masafa yana wakati wake wa kufika. Kutumia madirisha mafupi kwa sauti nyembamba na marefu kwa nene, au vijiwimbi vinavyofanya hivyo vyenyewe, huokoa mwangwi mwingi ambao ungehesabiwa kuwa haupo.

Kwa nini zichelewe tofauti? Modeli, yaani koklea iliyojengwa kwa hesabu ndani ya kompyuta, ndiyo inayojibu, na wanaodhani modeli ni mapambo ya chuo kikuu wanakosea. Koklea ina urefu wa kama milimita 35. Sauti nyembamba hukaa karibu na mlango, nene hukaa ndani kileleni. Ramani inayotumiwa sana ni ya mtafiti Greenwood, ya mwaka 1990: chukua umbali kutoka kileleni kama sehemu ya urefu wote, zidisha kwa 2.1, pandisha 10 kwa kipeo hicho, toa 0.88, zidisha kwa 165.4, unapata hezi. Jaribu katikati kabisa, 0.5, utapata karibu 1,710. Hezi 4,000 zinakaa kama milimita 11.7 kutoka mlangoni, hezi 2,560 kama milimita 14.8.

Modeli ya kawaida huukata mrija huo vipande 500 au zaidi. Kila kipande kinapewa uzito, ukakamavu na ukinzani, na majimaji yanaviunganisha vyote. Ukakamavu hupungua kadiri unavyoingia ndani. Kisha kinaongezwa kikuzaji, ambacho ni ukinzani uliogeuzwa kuwa msukumo sauti ikiwa ndogo, unaochoka sauti ikiwa kubwa. Hapo linatokea jambo la kushangaza: ukiilainisha modeli kikamilifu, kila kipande kikifuatana na jirani yake bila kasoro, mwangwi wa mlio mfupi karibu unatoweka. Mwangwi unarudi pale tu unapotia mparuzo, asilimia moja au mbili ya tofauti za nasibu kutoka kipande hadi kipande. Sikio linatoa mwangwi kwa sababu halikunyooka. Ndiyo maana mwangwi wa kila mtu una sura yake, unaofanana leo na kesho.

Anayejenga modeli aangalie mambo mawili. Vipande vikiwa vichache mno, mikato yenyewe huwa mparuzo na kukupa mwangwi wa uongo, kwa hiyo ongeza vipande maradufu na uone kama jibu linabaki. Na kikuzaji kikizidishwa, modeli hulia yenyewe. Pengine ndicho unachotaka, kama unachunguza masikio yanayolia. Pengine ni hesabu iliyokushinda, kwa sababu hatua za muda ni ndefu mno. Zifupishe kwa nusu: yowe la kweli hubaki kwenye masafa yaleyale, la hesabu huhama au hufa.

Faida yake wodini ni hii. Modeli, na hasa kazi ya watafiti Shera na Guinan ya mwaka 1999, ilionyesha kuwa mlio wetu wa 2,560 una chemchemi mbili. Unazaliwa kwenye milimita ya 11.7, pale milio miwili inapogongana. Sehemu yake inatoka nje moja kwa moja, nyingine inaendelea hadi milimita ya 14.8, makao yake yenyewe, inapiga mparuzo na kurudi kwa kuchelewa. Zikikutana nje, hapa zinaongezeana, pale zinafutana. Ukipima kwa hatua ndogondogo za masafa unapata vilima na mabonde kwenye sikio zima kabisa. Mpimaji aliyepima masafa manne tu, moja likaangukia bondeni, anaandika kwamba chembe za hapo zimekufa. Hazijafa. Asogeze hezi mia moja hivi, apime tena. Mwenye programu nzuri anaweza kubadili mfululizo huo kurudi kwenye muda: sehemu inayofika mapema ni ya mgongano, inayochelewa ni ya mparuzo, na kila moja inasomwa peke yake.

Hilo lina uzito zaidi kwa wagonjwa wanaopewa amikasini au jentamisini, ambazo ni antibiotiki, au sisplatini, dawa ya saratani. Dawa hizi huanza kuua chembe za nje za mlangoni, kwenye sauti nyembamba, kabla mgonjwa hajalalamika. Kipimo cha kwanza kifanyike kabla ya dozi ya kwanza au mara tu baada yake, kwa probu ileile itakayotumika baadaye, na kipandishwe hadi hezi 6,000 na 8,000. Mshuko wa desibeli 6 au zaidi kwenye masafa mawili yanayofuatana, uliorudiwa na kuthibitika siku hiyohiyo, daktari aambiwe. Mshuko wa masafa moja uachwe mpaka mabonde yale yachunguzwe. Mgonjwa aulizwe pia kama anameza aspirini kwa wingi, maana huibana prestini na kuzima mwangwi kwa siku chache. Ukiacha dawa, mwangwi unarudi.

Ombi letu kwa waandishi wako ni dogo: pale mnapoandika "kipimo cha usikivu", andikeni "kipimo cha mwangwi wa sikio la ndani". Kwa wanaonunua mashine za hospitali, kabla ya kutia saini waulize kama kifaa kinatoa mawimbi yenyewe, kiwango cha kelele kwa kila masafa, na idadi ya vipande vilivyotupwa, au kinatoa taa peke yake. Na mzazi aliyepewa karatasi ya kijani, mtoto wake akafika miezi sita hageuki kwa sauti, asiitazame tena karatasi hiyo. Amrudishe apimwe umeme wa shina la ubongo.

Wapimaji wa masikio,
Dar es Salaam